Kibao cha Rosewood: Majina Matano na Moja Lisilokuwepo

Ukiendesha gari kutoka Gainesville kwenda Cedar Key, kisiwa cha wavuvi upande wa magharibi wa Florida, barabara ya jimbo namba 24 inakupitisha katikati ya misonobari na vinamasi kwa mwendo mrefu usio na mji. Zikisalia kilomita kama 14 kufika baharini, kando ya lami pana kibao cha chuma chenye maandishi pande zote mbili. Mwenye mwendo wa kawaida anakipita akiwa amewahi kusoma kichwa chake tu: Rosewood. Akigeuza shingo kutafuta kijiji chenyewe, anaona miti, nyasi, uzio na lango la mtu binafsi.

Kijiji kilikuwepo. Katika siku saba za kwanza za mwaka 1923 kilichomwa nyumba baada ya nyumba, na watu wake wakatawanyika wasirudi tena. Kibao kiliwekwa mwaka 2004, miaka 81 baadaye, kikazinduliwa na gavana wa jimbo wa wakati huo, Jeb Bush. Kisa ninachokichambua hapa ni cha kibao hicho. Vibao vingi vya kumbukumbu husimama karibu na kitu: jengo, kaburi, gofu, mti mkongwe. Msomaji akikosa neno kwenye kibao, jiwe linamjazia. Hiki kimesimama karibu na utupu, kwa hiyo kila kitenzi chake kinabeba mzigo ambao kwingine ungebebwa na kuta.

Hata kulitaja eneo lenyewe kwa Kiswahili kuna mtego. Mahali palipokaliwa zamani na sasa hapana watu tunapaita mahame, au ganjo. Lakini mahame yana kuhama ndani yake: watu walifunga mizigo, wakaaga makaburi, wakaenda. Pale Rosewood hakuna aliyefunga mzigo. Watoto waliingia kinamasini usiku wa baridi wakiwa na nguo za kulalia. Nimejaribu kutafuta neno moja la mahali palipofanywa patupu kwa nguvu, na sikulipata. Mwandishi wa kibao naye, kwa Kiingereza chake, alikumbana na shida hiyohiyo, kama tutakavyoona.

Kijiji kilichokuwa hapo

Jina lilitokana na rangi ya mbao. Mwerezi wa eneo lile ukipasuliwa ndani huwa mwekundu, na watu walianza kuishi hapo katika miaka ya 1840. Reli ilipokamilika mwaka 1861 kuunganisha pwani ya Atlantiki na Cedar Key, Rosewood ikawa na kituo, na mierezi ikawa inasafirishwa kwenda kwenye viwanda vya penseli vya Cedar Key. Ndiyo, penseli. Kampuni za Eberhard Faber na Eagle zilikuwa na viwanda pale, na sehemu kubwa ya misitu ile iliishia mikononi mwa wanafunzi na makarani wa dunia.

Kufikia miaka ya 1890 mierezi ilikuwa imekwisha. Viwanda vilifungwa, na wengi wa wakazi weupe wakahamia Sumner, kilomita chache kuelekea pwani, ambako baadaye kampuni ya Cummer ilijenga kiwanda kikubwa cha kupasulia mbao. Rosewood ikabaki ya watu weusi karibu yote. Hapa ndipo hadithi inapomshangaza anayedhani kijiji cha watu weusi wa Kusini mwa Marekani wakati ule lazima kilikuwa cha vibanda vya vibarua. Kilikuwa na makanisa matatu, shule, ukumbi wa Wamasoni, kiwanda cha tapentaini, kinu cha kukamulia miwa na timu ya besiboli iliyoitwa Rosewood Stars. Nyumba kama dazeni zilikuwa za mbao za ghorofa moja juu. Wengi walimiliki ardhi waliyoikalia. Wanaume wengine walikwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha Sumner, na baadhi ya wanawake waliwafulia nguo na kuwafanyia usafi wakazi weupe wa hukohuko. Mwaka 1920 vijiji viwili hivyo kwa pamoja vilikuwa na watu 638, weusi 344 na weupe 294.

Umiliki wa ardhi tuuweke kiporo. Tutaurudia, maana ndio uliofanya kibao kiwezekane.

Siku saba

Jumatatu ya tarehe 1 Januari, mwanamke mweupe wa Sumner alisema amevamiwa nyumbani kwake na mwanamume mweusi. Sarah Carrier, aliyekuwa akimfulia, na mjukuu wake Philomena Goins walikuwa hapo asubuhi ile. Simulizi la familia zao, lililokaa mdomoni mwao miaka yote iliyofuata, ni kwamba aliyetoka kwenye nyumba ile alikuwa mwanamume mweupe. Hakuna aliyewauliza.

Sherifu wa kaunti, Robert Walker, alikuwa na habari za mfungwa mweusi aliyetoroka kazi ngumu. Mbwa wakafuata harufu hadi Rosewood, nyumbani kwa Aaron Carrier. Walker alimtoa Aaron haraka akampeleka jela ya mbali ili asiuawe, jambo linaloonyesha kuwa alijua vizuri umati aliokuwa nao ni wa namna gani. Mhunzi Sam Carter hakupata bahati hiyo. Aliteswa ili aseme alikomficha mtoro, kisha akapigwa risasi.

Alhamisi usiku, tarehe 4, kundi lenye silaha lilifika nyumbani kwa Sarah Carrier. Ndani mlikuwa na watoto wengi na mwanawe Sylvester, mwindaji hodari ambaye watu weupe wa jirani walimwona mtu asiyejua kuinamisha kichwa. Sarah alipigwa risasi. Minnie Lee Langley, aliyekuwa msichana mdogo, alieleza uzeeni kwamba Sylvester alimvuta kwenye nafasi ya kuwekea kuni chini ya ngazi, akakaa nyuma yake na kuegemeza bunduki begani kwake. Mlango ulipovunjwa, Sylvester alifyatua. Watu wawili weupe walikufa kwenye nyumba ile.

Baada ya hapo habari ilienea kwamba watu weusi wa Rosewood wamejiimarisha kwa silaha, na magari yakaanza kuingia kutoka kila upande. Lexie Gordon alikuwa mjane mgonjwa. Aliwatuma watoto wake msituni, akabaki, akauawa nyumba yake ilipowashwa moto. James Carrier, ndugu wa Sylvester, aliyekuwa amepooza sehemu ya mwili, aliuawa kwa risasi baada ya kuhojiwa. Mingo Williams hakuwa hata Rosewood. Alikuwa karibu na Bronson, kilomita zaidi ya 30 kutoka hapo, akipigwa risasi kwa kosa la kuonekana. Jumapili ya tarehe 7 umati wa watu kati ya 100 na 150 ulirudi kumalizia majengo yaliyosalia.

Nyumba moja haikuguswa. Ilikuwa ya John Wright, mfanyabiashara mweupe mwenye duka, aliyewaficha wakimbizi ndani mwake yeye na mkewe. Na makondakta wawili ndugu, John na William Bryce, walipunguza mwendo wa treni yao usiku wakawapakia wanawake na watoto waliotoka vichakani. Wanaume hawakupakiwa, kwani kuonekana na mwanamume mweusi mzima ndani ya behewa wiki ile kungeweza kuichoma treni yote.

Gavana Cary Hardee alipokea ujumbe wa sherifu kwamba hali iko shwari na hahitaji askari wa jimbo, akaenda kuwinda. Mwezi Februari jopo la raia walioapishwa lilikaa Bronson kusikiliza mashahidi, wengi wao weupe, likasema halikupata ushahidi wa kumshtaki mtu yeyote. Nyumba zilichomwa mchana, mbele ya mamia ya macho.

Upande wa mbele

Sasa tusome. Upande wa kwanza unaanza kwa kusema kwamba vurugu za kirangi zililipuka katika jamii ndogo na tulivu ya Rosewood kuanzia tarehe 1 hadi 7 Januari 1923. Zililipuka. Volkano hulipuka, jiko la gesi hulipuka. Msomaji wa haraka anaweza kuondoka akidhani wanakijiji walipigana wenyewe kwa wenyewe, maana mahali panatajwa na mtendaji hatajwi. Nilipousoma mstari huu mara ya kwanza nilijiandaa kwa kibao cha uoga.

Nilikosea, angalau kwa nusu. Kadiri maandishi yanavyoendelea, sarufi inapata ujasiri. Familia zinatajwa kwa majina ya ukoo: Bradley, Carrier, Carter, Goins, Hall. Mwalimu wa shule anatajwa kwa jina lake kamili, Mahulda Carrier, mke wa Aaron. Kisha sentensi zinageuka na weupe wanakuwa kiima cha kitenzi: weupe waliwatia hofu na kuwaua wakazi, weupe waliichoma Rosewood, wakapora mifugo na mali. Huo si mwandiko wa kawaida kwenye vibao vya barabarani vya Kusini mwa Marekani, ambako vibao vingi vimetumika kusifia majenerali. Kuna serikali zinazoweza kuandika ukurasa mzima juu ya mauaji bila kumpa muuaji hata kiambishi cha nafsi. Jimbo la Florida limeandika nani alichoma, kwa kauli ya kutenda.

Lakini angalia majina yako wapi na hayako wapi. Waliouawa wana majina. Mfanyabiashara aliyewaficha wakimbizi ana jina. Mwalimu ana jina. Mshambuliaji hata mmoja hana. Kwa upande mmoja ni haki: hakuna aliyeshtakiwa, na chuma cha serikali hakiwezi kumhukumu mtu ambaye mahakama haikumgusa. Kwa upande mwingine, matokeo yake ni kwamba msomaji anaondoka na jina la mtu mweupe mmoja tu, aliye mwema. Simlaumu aliyeandika, wala simwondolei John Wright sifa yake. Naeleza jinsi kibao kinavyofanya kazi kichwani mwa mtu anayekisoma akiwa amewasha taa za hatari pembeni ya barabara.

Hesabu isiyolingana

Kibao kinataja watu weusi watano waliokufa: Sam Carter, Sarah Carrier, Lexie Gordon, James Carrier, Mingo Williams. Hesabu inayotumika kwa kawaida kwa tukio hili ni ya watu wanane, weupe wawili na weusi sita. Wa sita ni Sylvester.

Kwa nini hayupo? Sababu ya kwanza inaheshimika. Kifo cha Sylvester hakijawahi kukubaliwa na wote. Taarifa za wakati ule zilisema maiti yake ilikutwa ndani ya nyumba, huku baadhi ya manusura na wazao wakishikilia kwamba alitoroka, akaishi kwingine kwa muda mrefu. Kibao kikimwandika kati ya wafu, kinaikana kumbukumbu ya familia. Kisipomwandika, kinaikana taarifa rasmi. Waandishi wakachagua kunyamaza.

Sababu hiyo ingenitosha kama Sylvester angehusika na hesabu ya wafu peke yake. Lakini tafuta sehemu inayozungumzia weupe wawili waliokufa. Inasema waliuawa wakiishambulia nyumba. Wakiishambulia nyumba, sawa. Na nani aliwaua? Sentensi iliyokuwa imepata ujasiri wa kusema weupe walichoma na weupe waliua, hapa inarudi kwenye kauli ya kutendwa. Nyumba haina mwenyewe. Bunduki haina mkono. Tendo la kujihami, ambalo ndilo lililoligeuza tukio zima kutoka msako wa mtu mmoja kuwa uteketezaji wa kijiji, limebaki bila mtu.

Huyu ndiye mtu niliyemtafuta kwenye chuma nikamkosa. Kibao kinaweza kumbeba mweusi aliyeteswa, mweusi aliyekimbia na mweusi aliyefichwa na mweupe mwema. Mweusi aliyekaa nyuma ya mtoto chini ya ngazi akasubiri mlango uvunjwe, kibao kimeshindwa kumbeba. Kubishaniwa kwa kifo chake kungeweza kushughulikiwa kwa maneno manne. Kuwepo kwake ndani ya nyumba ile usiku ule hakubishaniwi na yeyote.

Zipo pia hesabu kubwa zaidi, za makumi hadi zaidi ya mia, zinazotokana na simulizi za makaburi ya pamoja. Kibao hakizigusi, na hapo nadhani kimefanya sawa. Chuma hakina nafasi ya kusema huenda.

Upande wa nyuma

Ukizunguka upande wa pili, kisa kinageuka kuwa cha sheria na fedha. Unasema wakazi waliweka nadhiri ya kunyamaza, wakaishi kwa hofu, na hawakurudi kamwe kudai mali yao.

Hawakurudi kudai. Isome tena polepole. Mtu ambaye hajui lolote atajiuliza kwa nini hawakurudi, kana kwamba hati za mashamba zilikuwa zinawasubiri kaunta. Kijiji kimechomwa, jopo limesema hakuna wa kushtakiwa, waliochoma ni majirani walio umbali wa kutembea kwa miguu. Wenye ardhi wakashindwa kuilipia kodi wakiwa wamejificha Gainesville, Jacksonville na kwingineko, na viwanja vikapita mikononi mwa wengine. Sentensi ya kibao haina uongo ndani yake. Ila imeanzia kwenye miguu ya waliokimbia, ikawaacha nyuma waliosimama njiani.

Ukimya wenyewe ulikuwa wa kweli. Familia zilikubaliana kutolizungumza, wengine hata kwa watoto wao. Philomena, yule mjukuu wa Sarah, alimsimulia mwanawe Arnett Doctor siku za Krismasi, kipindi ambacho kwa familia ile kilikuwa na kivuli. Mwaka 1982 mwandishi wa habari Gary Moore wa gazeti la St. Petersburg Times alikwenda Cedar Key kwa shughuli nyingine kabisa, akashangaa kuona hakuna watu weusi katika eneo lile, akauliza kwa nini. Swali la mgeni. Majibu yaliyokwepa ndiyo yaliyomfikisha Rosewood, na mwaka uliofuata televisheni ya taifa ikaonyesha habari hiyo. Hayo yote hayapo kwenye kibao. Kibao kinaanza kuhesabu kuvunjika kwa ukimya pale madai yalipofikishwa kwenye bunge la jimbo, kana kwamba jambo likishasemwa mbele ya wabunge ndipo limesemwa.

Arnett Doctor aliwakusanya manusura, na kampuni kubwa ya mawakili, Holland & Knight, ikaichukua kesi bila malipo. Bunge liliagiza jopo la wanahistoria wa vyuo vikuu vya Florida, wakiongozwa na Maxine Jones, ambao ripoti yao ilitolewa mwishoni mwa mwaka 1993. Hapa umiliki wa ardhi niliouweka kiporo unaingia. Mawakili waliona kwamba kulipa fidia kwa chuki ya rangi kungekwama bungeni, kwa kuwa wengi wangeogopa kufungua mlango wa madai ya utumwa. Wakakijenga kisa kwenye mali: jimbo lilikuwa na wajibu wa kulinda mali ya raia wake, lilijua ilikuwa hatarini, halikuilinda. Msikilizaji maalumu wa bunge, mtu aliyeteuliwa kuyapima madai hayo, akakubali kwamba jimbo lina wajibu wa kimaadili. Mbunge aliyekuwa hataki kusikia neno la rangi aliweza kupiga kura ya ndiyo kwa ajili ya shamba na nyumba. Kama Rosewood ingekuwa kijiji cha wapangaji na vibarua, ninaamini kibao kisingekuwepo leo. Mauaji yale yale, hofu ile ile, ila pasingekuwa na njia ya kuyapitishia bungeni.

Gavana Lawton Chiles alitia saini tarehe 4 Mei 1994. Jumla ilikuwa dola milioni 2.1. Manusura 9 walipata dola 150,000 kila mmoja, fungu la dola 500,000 likatengwa kwa familia zilizoweza kuthibitisha kupoteza mali, na mfuko wa ufadhili wa masomo ukaanzishwa kwa wazao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jimbo la Marekani kulipa fidia ya aina hiyo kwa ghasia za kirangi, na mijadala mingi ya fidia nchini humo tangu hapo imeitaja Rosewood. Wazao wengine waliopata mgawo kwenye fungu la mali waliona ni kidogo mno, na manung'uniko juu ya nani alithibitisha nini yaliziingia familia zenyewe. Fedha hazikuwahi kugawanywa bila kugawanya.

Kibao kilikuja miaka 10 baada ya saini hiyo, kwa msukumo wa shirika la Real Rosewood Foundation la Lizzie Jenkins, mpwa wa mwalimu Mahulda. Ndiyo maana jina la mwalimu lipo. Huo nao ni uchambuzi: anayekisukuma kibao ndiye anayeamua nani aingie. Ni haki yake, na bila yeye barabara ile isingekuwa na neno hata moja.

Majirani wa kibao

Kibao hakisomeki peke yake. Reli iling'olewa katika miaka ya 1930, na barabara ya leo inakwenda karibu na njia yake. Dereva anayepita hapo anafuata mstari uleule wa treni iliyopakia watoto usiku. Nyumba ya John Wright ilibaki imesimama ndani ya kiwanja cha watu, jengo pekee la Rosewood ya 1923 lililovuka moto ule.

Halafu kuna Sumner. Sumner pia imekufa. Kiwanda cha mbao kiliungua katika miaka ya 1920, kampuni ikaendelea na kazi zake kwingine, wafanyakazi wakafuata ajira, na kijiji kilichokuwa na hoteli na nyumba za kampuni kikabaki jina kwenye ramani. Ukiwa hapo barabarani, vijiji vyote viwili vinaonekana sawa: msonobari na nyasi. Kimoja ni mahame kwa maana halisi ya neno, watu walihama kazi ilipohama. Kingine sicho. Macho hayawezi kuvitofautisha. Kinachovitofautisha ni maandishi ya chuma yenye ukubwa wa meza ndogo, ndiyo maana ninabishana na vitenzi vyake kwa ukali huu wote.

Na ardhi yenyewe haijapoa. Marvin Dunn, mwanahistoria na profesa mstaafu wa Florida International University, alinunua ekari tano pale Rosewood. Septemba 2022 alikuwa pembeni ya barabara na mwanawe na wenzao wengine, wakijiandaa kwa kumbukumbu ya miaka 100 na wakitafuta alama za kituo cha zamani cha treni. Mkazi wa jirani aliwatukana matusi ya kirangi na kuwaelekezea gari lake, akakaribia kumgonga mtoto wa Dunn. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani kwa uhalifu wa chuki. Mwaka 1923 jopo halikumpata wa kumshtaki katika mamia. Safari hii alikuwa mmoja, na alipatikana.

Tukio lile lilitokea kwenye hifadhi ya barabara, ardhi ya umma, ya aina ileile ambayo kibao kimesimikwa. Ukanda huo mwembamba kati ya lami na uzio ndio sehemu pekee ya Rosewood ambayo mtu yeyote anaweza kusimama bila kuomba ruhusa. Manusura wa mwisho aliyejulikana, Mary Hall Daniel, alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 98. Alikuwa na miaka 3 kijiji kilipochomwa. Tangu hapo hakuna tena mtu anayeweza kunyoosha kidole na kusema nyumba yetu ilikuwa pale, nyuma ya ule mti.

Vibao hubadilishwa. Kutu huvila, magari huvigonga, na majimbo huvitengeneza upya kwa maneno yaliyosahihishwa. Kikifika siku ya kutengenezwa upya, sentensi ya weupe wawili waliokufa wakiishambulia nyumba inahitaji marekebisho madogo tu: nyumba ilikuwa ya Sarah Carrier, na aliyekuwa ndani na bunduki, watoto wakiwa nyuma yake na mmoja mbele yake, ni mwanawe, Sylvester. Nafasi inaweza kupatikana kwa kulifuta lile neno "zililipuka".